DCC ni fundi wa neva kabla ya kuwa habari ya saratani

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Makorora, Tanga, mama mtu mzima ninayemwamkia kila asubuhi akielekea soko la Mgandini, alinisimamisha mlangoni akanipa karatasi nne zilizobanwa pini. Yalikuwa majibu ya kipimo cha vinasaba alichokilipia kwa fedha za kikoba, miezi michache baada ya kumzika kaka yake aliyefariki kwa saratani ya utumbo mpana. Ukurasa wa tatu ulikuwa na orodha ndefu ya herufi, na herufi tatu zimewekewa alama nyekundu: DCC. "Nimeambiwa nina jeni ya saratani, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini ili wajukuu wasisikie. "Sasa hawa watoto niwaambie nini?" Nikamwambia kilicho kweli: "Hata mimi ninayo, mama. Na hawa wajukuu wanayo. Tungezaliwa bila hiyo ndipo ingekuwa shida."

Hofu yake wanayo wengi. Matangazo ya vipimo vya vinasaba yanatufuata kwenye simu, na tangu mwaka 2023, watafiti wa Ufaransa walipochapisha matokeo ya dawa inayozuia protini inayoshikana na ile inayotengenezwa na jeni hii, nimeona habari hiyo ikipokewa kwa namna mbili, zote mbovu. Wapo wanaosema jeni ya saratani imekamatwa na dawa yake i njiani. Wapo wanaosema aliyekutwa nayo ameshaandikiwa. Hoja yangu ni kwamba pande zote mbili zimepotoshwa na jina. DCC ni jeni ya ujenzi: kazi yake ya kwanza ni kuzielekeza neva zipite wapi mtoto anapoumbika tumboni. Uhusiano wake na saratani upo, na mimi siukatai, lakini unatokana na kazi hiyohiyo ya kuiambia seli mahali pake ni wapi. Anayeanzia kwenye saratani atatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo na kuupita mahali ulipo.

Jina lenyewe lina historia. DCC ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "iliyofutika katika saratani ya utumbo mpana". Mwaka 1990, Eric Fearon na Bert Vogelstein pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walikuwa wakichunguza kwa nini zaidi ya asilimia 70 ya saratani za utumbo mpana zimepoteza kipande cha mkono mrefu wa kromosomu ya 18. Ndani ya kipande hicho wakakuta jeni ambayo haikuwa ikijulikana, wakaipa jina kwa kile walichokiona: haipo. Hawakujua inafanya kazi gani pale inapokuwepo. Sisi watu wa Pwani tunaifahamu desturi hii. Fundi anaweza kujenga nusu ya nyumba za mtaa, lakini kwa kuwa alivunjika mguu akachechemea, mtaa mzima utamwita Kiguru mpaka anazikwa, na mgeni akisikia jina hilo hawezi kujua kwamba kuta anazoziegemea ni kazi ya mkono wake. Jeni hii imeitwa kwa kilema chake kwa zaidi ya miaka 30.

Kazi yake ilijulikana kwa njia nyingine kabisa, kwa watu ambao hawakuwa wakiwaza saratani. Mwishoni mwa karne ya 19, Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliona kwa hadubini kwamba uzi wa neva inayokua, yaani aksoni, una ncha iliyotanuka kama kiganja, nayo hupapasa njia. Akadhani kuna kitu kinachoivuta. Kitu hicho kilichukua miaka 100 kupatikana. Katika mnyoo mdogo wa udongoni anayependwa sana na maabara, jeni zilizoharibika zikamfanya atambae ovyo zilipewa majina kufuatana na mwendo wake mbaya, na moja kati ya hizo, unc-6, ilipochambuliwa mwaka 1992 ikaonekana inatengeneza protini inayoongoza neva. Miaka miwili baadaye, kundi la Marc Tessier-Lavigne kule San Francisco lilisaga bongo za viinitete vya kuku wapatao 25,000 ili kupata protini kiduchu ya jamii hiyohiyo. Wakaiita netrini, kutoka neno la Kisanskriti lenye maana ya mwenye kuongoza. Ikabaki kujua ni mkono gani wa aksoni unaoishika netrini. Mwaka 1996 jibu likaja: ni DCC. Ile protini iliyokuwa ikiitwa kwa kupotea kwake kwenye saratani ndiyo kipokezi kinachosimama juu ya ngozi ya ncha ya neva, kikishika netrini na kuiambia ncha igeukie wapi. Mnyoo anacho cha kwake, nzi wa matunda anacho, samaki anacho, na wewe unacho. Ni kitu cha kale kuliko hata silikanti wetu, yule samaki ambaye wavuvi wa hapa Tanga walianza kumtoa kwenye nyavu zao miaka ya 2000 na dunia ikaja kumtazama.

Inafaa kutazama kwa karibu inavyofanya kazi. Kwenye uti wa mgongo wa kiinitete, neva fulani huzaliwa upande wa mgongoni na zinatakiwa zishuke, zivuke mstari wa katikati, kisha ziendelee upande wa pili. Bila uvukaji huo, mkono wa kulia na ubongo wa kushoto havisikilizani inavyotakiwa. Kwa zaidi ya miaka 20 vitabu vilisema kwamba netrini hutoka kwa seli za pale katikati, ikasambaa kama harufu ya karafuu inayoivuta neva kutoka mbali. Mwaka 2017 makundi mawili ya watafiti yaliondoa netrini ya pale katikati kwenye panya, na neva nyingi zikavuka vilevile. Ikadhihirika kwamba sehemu kubwa ya netrini inayohitajika imepakwa njiani, na neva inaishika huku ikienda, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa ukuta. Nalitaja hili kwa makusudi. Hata mambo yanayoonekana kuwa yamekwisha kuthibitishwa kuhusu jeni hii yamerekebishwa juzi tu, kwa hiyo maabara inayokuuzia hukumu ya maisha yako kwa alama nyekundu inadai uhakika ambao wenye taaluma wenyewe hawaudai.

Jeni hii ikiharibika tangu mimba, kinachoonekana kwanza ni viungo kwenda ovyo. Panya wa maabara walioondolewa DCC kabisa, mwaka 1997, walikufa ndani ya siku moja baada ya kuzaliwa, na bongo zao hazikuwa na lile daraja kubwa la neva linalounganisha nusu ya kulia na ya kushoto. Panya wengine, wenye hitilafu isiyo kali sana kwenye jeni hiyohiyo, waliishi, lakini miguu yao ya nyuma ilikwenda pamoja kama ya kangaruu, ndiyo maana aina hiyo ikaitwa "kanga". Haihusiani na kanga zetu za Pwani wala na ndege, ingawa msomaji wa Kiswahili akiliona neno hilo kwenye jarida la sayansi lazima asimame kidogo. Kwa binadamu, mwaka 2010 watafiti walichunguza familia moja kubwa ya Kanada yenye asili ya Kifaransa na nyingine ya Iran. Watu wa familia hizo wakikunja kiganja cha kulia, cha kushoto nacho hujikunja bila kuamrishwa. Sababu ilikuwa nakala moja ya DCC iliyoharibika. Amri ya ubongo, ambayo ingepaswa kuvuka karibu yote kwenda upande mmoja, inagawanyika na kufika mikono yote miwili. Watoto wote wadogo huwa na tabia hiyo kidogo, nayo hupotea kabla ya miaka 10, lakini kwa hawa haipotei. Mwaka 2017 ikaonekana pia kwamba familia nyingine zenye hitilafu kwenye DCC zina watu waliozaliwa bila lile daraja la ubongo, na baadhi yao wameishi maisha ya kawaida bila kujua mpaka siku walipopigwa picha.

Nikiandika habari hizi simwachi nyuma kijana mmoja niliyekaa naye mkeka mmoja chuoni tukisoma Kurani. Akiandika alif kwenye ubao kwa mkono wa kulia, vidole vya kushoto, vilivyokuwa juu ya goti, navyo vilichora alif ileile hewani. Akishusha mkono kuanza be, na wa kushoto unashuka. Maalimu alidhani anafanya mzaha, na kwa kuwa kushoto kwetu ni mkono wa kutawazia, akamwamuru aukalie. Akaukalia, na mwandiko wake ukaharibika zaidi, kwa sababu sasa mikono miwili ilikuwa ikivutana. Wakubwa walisema amechezewa. Sisi tulimcheka. Hakumaliza hata juzuu ya Amma. Hakuna aliyempima na sitampachika ugonjwa leo, lakini najua kwamba wapo watoto wa namna hiyo katika madarasa na vyuo vyetu sasa hivi, na kwamba hakuna karatasi yenye alama nyekundu inayowatetea. Tukizungumza kuhusu DCC, hawa ndio wenye haki ya kutajwa mwanzo, na hatuwataji kabisa.

Kuna jambo jingine linaloonyesha tusiikuze jeni hii kupita kiasi. Kuku hana DCC. Watafiti walipopekua vinasaba vya ndege waligundua mwaka 2017 kwamba kuku na baadhi ya ndege wengine wadogo walikwisha kuipoteza zamani, na kazi yake inaonekana kubebwa na ndugu yake wa karibu, jeni iitwayo neojenini. Yaani netrini ilichotwa kutoka kwenye bongo za mnyama ambaye kipokezi chake mashuhuri hakipo. Jogoo anayewika kwetu alfajiri amejenga ubongo wake bila DCC hata chembe. Panya akiikosa anakufa siku ya kwanza. Jeni moja haina maana yake peke yake. Maana yake inatokana na jirani zake na namna mwili mzima ulivyozoea kufanya kazi. Msomaji akilishika hilo, mjadala wa saratani utamwia mwepesi.

Mjadala wenyewe uko hivi. Upande wa kwanza unasema jina ni sahihi: DCC ni breki ya saratani, na utumbo unapoipoteza uvimbe unapata nafasi. Ushahidi wao si mdogo. Kupotea kwa kipande kile cha kromosomu ya 18 ni nadra kwenye uvimbe mdogo usio na madhara na ni jambo la kawaida kwenye saratani iliyokomaa, na katikati ya miaka ya 1990 tafiti zilionyesha kwamba wagonjwa waliopoteza kipande hicho walikuwa na matumaini madogo kuliko wenzao. Upande wa pili unasema DCC ilikuwa mpita njia aliyekamatwa kwa sababu alikuwepo eneo la tukio. Nao wana hoja nzito. Kipande kinachofutika ni kikubwa, kina jeni nyingi, na mwaka 1996 ikagunduliwa kwamba pale pale jirani kuna SMAD4, jeni ambayo hakuna anayetilia shaka kwamba ni breki ya saratani ya kongosho na ya utumbo. Mabadiliko madogo ndani ya DCC yenyewe, ya aina ambayo jeni za breki huwa nayo, yalipatikana machache mno. Kisha wakaja wale panya wa 1997: wenye nakala moja tu nzima ya DCC hawakuota uvimbe kuliko wenzao. Wengi walifunga faili hapo. Na ukitazama zile familia za Kanada na Iran, kilichowaleta kwa madaktari kilikuwa mikono, si matumbo.

Kwa muda mrefu nilikuwa upande huu wa pili, na nadhani ulistahili kushinda kwa ushahidi uliokuwepo. Lakini hoja ya panya ina tundu. Panya asiye na DCC kabisa anakufa kabla utumbo wake haujapata hata wiki moja ya maisha, na saratani ya utumbo ni ugonjwa wa muda. Panya mwenye nakala moja bado anayo breki. Kusema kwamba jaribio hilo limemaliza neno ni sawa na kutafuta mvi kwenye kichwa cha mtoto mchanga, usizione, ukatangaza kwamba ukoo huo haupati mvi. Ilihitajika njia ya kuiacha DCC iongoze neva, mnyama aishi, ila ikose lile jambo jingine inalolifanya.

Jambo hilo jingine Patrick Mehlen na wenzake walilieleza mwaka 1998. DCC ikiwa imeshika netrini, seli inaishi na kuendelea na kazi. Ikiwa tupu, mikono mitupu isiyoshika kitu, kimeng'enya huikata na kipande kinachobaki ndani huiamuru seli ijiue. Yaani seli yenye kipokezi hiki imewekewa sharti: uhai wake unategemea kuwepo mahali palipo na netrini. Fikiria maana yake kwenye utumbo. Ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha yote kila baada ya siku chache. Seli huzaliwa chini kwenye vishimo, zinapanda, na zikifika juu zinakufa na kwenda na choo. Netrini ni nyingi chini na hafifu juu. Seli iliyopanda ikatoka kwenye eneo lake inakosa netrini na kuondoka kwa amani. Ni sharti lilelile la kule kwenye neva, lugha ileile: uko mahali pako, endelea; umetoka mahali pako, acha. Seli ya saratani ina njia mbili za kulivunja. Inaweza kuipoteza DCC, na hii ndiyo iliyoonekana Baltimore. Au inaweza kujitengenezea netrini yake yenyewe, ikatembea nayo popote iendapo. Mwaka 2004 kundi la Mehlen, likiwa Lyon, Ufaransa, lilionyesha kwamba panya waliozidishiwa netrini kwenye utumbo huota uvimbe. Mwaka 2012 likaja jaribio lililokuwa likisubiriwa: panya ambao DCC yao inaongoza neva vizuri lakini haiwezi tena kuua seli. Hao waliishi, wakakua, na utumbo wao ukaota uvimbe, hasa pale jeni nyingine ya breki, APC, ilipokuwa imeharibika pia. Mwaka huohuo watafiti wa Amsterdam wakaonyesha kwamba saratani ya matiti ya panya iliyokosa DCC haikuanza kwa wingi zaidi, ila ilisambaa zaidi kwenda viungo vingine.

Kwa hiyo pande zote mbili zilishika kipande cha ukweli, ila si kwa uzito sawa. SMAD4 ndiyo mhusika mkuu wa eneo lile la kromosomu ya 18. DCC ni msaidizi ambaye kukosekana kwake hakuanzishi moto, bali kunaacha moto uliokwisha kuwaka uvuke ua. Na jambo ambalo mama yule hakuambiwa ni hili: katika saratani ya utumbo, DCC hupotea ndani ya seli ya utumbo wa mtu mzima, kwa bahati mbaya ya maisha ya seli hiyo. Haikupotea kwa wazazi wake. Huwezi kuiona kwa kupima mate. Sisi wa Tanga tumejifunza habari za jeni kupitia siko seli, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo duniani. Kwenye siko seli hesabu ni moja: baba amebeba, mama amebeba, mtoto akipokea kutoka kwa wote wawili anaugua. Hesabu hiyo ni sahihi kwa siko seli, na tumeishika vizuri kiasi kwamba tunaipeleka kila mahali. Ukiipeleka kwenye DCC na saratani, inakudanganya. Tena jeni hii ina urefu unaozidi herufi milioni 1, hivyo karibu kila mtu atakayepimwa atakutwa na tofauti fulani ndani yake. Ile alama nyekundu ilikuwa tofauti ya herufi moja.

Sasa ile dawa. Ni kingamwili iitwayo NP137, inayoshika netrini isifike kwa vipokezi vyake. Ukiiondoa netrini ambayo saratani imejitengenezea, vipokezi vinabaki mikono mitupu na seli inaamriwa kufa. Matokeo ya 2023 yalihusu wanawake 14 wenye saratani ya ukuta wa mji wa mimba iliyokwisha kusambaa, na kipokezi kilichohusika zaidi pale ni UNC5B, kipokezi kingine cha netrini. Kati ya hao 14, uvimbe wa mmoja ulinywea zaidi ya nusu, na wa wanane ulitulia bila kukua kwa muda. Walio wagonjwa wanajua thamani ya kutulia, na sitaki kuipunguza. Lakini hakuna aliyetangazwa kupona, na dawa bado inajaribiwa pamoja na tiba za kawaida. Anayeandika kwamba dawa ya jeni ya saratani imepatikana amewadhulumu watu walio kitandani.

Hoja dhaifu kuliko zote nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, na ndiyo inayoniuma: kwamba haya ni mambo ya maabara za Ulaya, sisi tuna foleni za kwetu. Foleni ninazijua. Tanzania ina zaidi ya wagonjwa wapya 40,000 wa saratani kila mwaka, wengi wao wanafika hospitali ugonjwa ukiwa umekwenda mbali, na kwa miaka mingi mgonjwa wa Tanga akitaka mionzi amekuwa akipanda basi kwenda taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ila Tanga haijawahi kuwa nje ya sayansi ya uhai. Kituo cha Amani kule Usambara kilianza mwaka 1902, na jina lake bado limo katika utafiti wa malaria unaofanyika Muheza. Na zaidi ya hapo, ni pale penye fedha kidogo ndipo kosa la kuelewa linapogharimu zaidi. Fedha za kikoba zilizolipia karatasi ile zingetosha nauli ya watoto wake kwenda kupimwa utumbo kwa kamera, kipimo kinachoona uvimbe kabla haujawa saratani na kuuondoa palepale. Maabara inayouza kipimo cha vinasaba bila mtu wa kukueleza majibu imeuza nusu ya kitu.

Kwa sababu zipo jeni ambazo kweli hurithiwa na kweli huleta saratani ya utumbo katika ukoo, na hizo ndizo za kuulizia. APC ni mojawapo. MLH1, MSH2 na mbili nyingine za jamii yao, zinazorekebisha makosa ya vinasaba, zikiharibika huleta kile kinachoitwa ugonjwa wa Lynch: saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba kwa watu ambao bado vijana. Madaktari wana kanuni nyepesi ya kuushuku: jamaa watatu wa damu wenye saratani za aina hiyo, mmoja wao akiwa mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wa wale wawili, katika vizazi viwili vinavyofuatana, na angalau mmoja aliugua kabla ya miaka 50. Kanuni hiyo haihitaji mashine. Inahitaji mtu akae na mama mtu mzima amuulize habari za watu wake. Muuguzi wa zahanati anaweza. Mwalimu wa baiolojia anaweza kuwafundisha wanafunzi waifanye nyumbani, ikawa somo bora kuliko mchoro wa kromosomu wa kukariri.

Nilikaa naye barazani jioni ileile. Nilimuuliza kaka yake alianza kuugua akiwa na umri gani. Alihesabu kwa vidole tangu mwaka wa ndoa yake: 44. Nikamuuliza kuhusu shangazi zake, na akanyamaza kidogo, kisha akasema dada yake baba alitokwa damu miaka mingi baada ya hedhi kukoma, akapelekwa hospitali ya Bombo na baadaye Dar es Salaam, wakasema ni mji wa mimba. Na baba mwenyewe? Alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, akafa kwa "tumbo" mwaka 1981. Tumbo gani, hakuna aliyeuliza, ila anakumbuka ndoo yenye damu. Tuligeuza ule ukurasa wa tatu, na nyuma ya zile herufi nyekundu nikaandika alivyonitajia: baba, shangazi, kaka, na umri mbele ya kila mmoja. Kisha nikaandika wanawe wanne. Mkubwa ana miaka 38. Alinikatiza nikiwa bado naandika, akaniuliza kama karatasi hiyo daktari ataisoma hivyohivyo kwa mkono, au lazima ipigwe chapa.